Fulana Zenye Sura ya Kitinda

Mnakumbuka nilipowaachia? Nilikuwa nimesimama kwenye meza yangu ya kazi, pasi ya mkaa mkononi, marobota ya fulana yamefunguliwa miguuni, na mkono umegoma kushuka.

Kwa aliyeingia leo, sogea ukae, hujachelewa. Nitasema kwa kifupi. Bibi yenu anasema kifupi mimi sikijui, kwamba nikianza hadithi ya kuku nitamtaja mpaka aliyetotoa yai. Lakini nitajitahidi.

Mimi ni dobi. Shule niliipita kama mtu anavyopita dukani mfuko mtupu: nilichungulia tu, nikaendelea na safari. Lakini shati nalijua.

Mwenyekiti wa mtaa wetu ni mama mmoja tunamwita Mama Kipaza, kwa sababu kile kipaza sauti chake hakimtoki mkononi hata akinunua vitunguu. Ndiye aliyeniletea fulana za matembezi ya hisani. Watu watembee mpaka uwanjani, njiani wachangishe, wasaidiwe watoto wa kile kituo cha malezi kilichohamia mjini kwetu juzijuzi.

"Dobi," akaniambia, "zinyooshe hizi. Zimekunjamana kama shingo yako."

Nikafungua ya kwanza. Mgongoni pana picha kubwa ya mtoto wa kike, anacheka. Pengo mbele. Jicho moja limefinywa kuliko mwenzake. Kishimo shavuni, upande mmoja tu.

Kitinda. Kitindamimba wetu, vile alivyokuwa mdogo. Binti yangu tuliyemlilia.

Naam, tulimlilia. Alikwenda mji wa mbali kufanya kazi kwa mama mmoja. Simu zikaja, zikapungua, zikakatika. Siku moja mchana lori likasimama mlangoni, dereva akashusha sanduku lake, akasema, "Mzigo wa binti yenu huu. Mwenyewe ametangulia."

Bibi yenu akapiga yowe, majirani wakaruka ukuta. Nilipopata akili ya kumuuliza dereva, kafa na nini, kazikwa wapi, lori halipo. Nikamtuma shemeji yangu mpaka mji ule. Akakuta nyumba imehamwa, hakuna anayejua kitu. Basi tukalia kilio kisicho na kaburi.

Nawaambia wajukuu zangu, hicho ndicho kilio kibaya. Maiti asiyezikwa haendi popote. Anakaa na nyinyi. Mimi kandambili zake nilizisikia ukumbini mchana kweupe. Nikinyunyizia shati maji, pasi ikaligusa, nyie mnasikia "shaa." Mimi nilisikia "baba."

Haya. Sasa ndiyo sura hiyo imo humu, marobota yote.

Pasi ya moto huwezi kuilaza usoni pa mtoto. Mtaniambia ni rangi tu. Sawa, ni rangi. Njoo uilaze wewe.

Nikazigeuza ndani nje. Nikadhani nimepata dawa. Kumbe kitambaa chenyewe chepesi, uso ukapenya, umefifia, kama mtu anayekuchungulia kutoka upande wa pili wa pazia. Nikapiga pasi macho nimeyafumba. Nikajichoma kidole. Sikusikia kitu.

Nikamwita bibi yenu.

"Mke wangu, njoo umwangalie huyu."

Akaja anafuta mikono kwenye gauni. Akaangalia. Akarudi nyuma hatua.

"Mtoto," akasema.

"Mtoto gani?"

"Mtoto tu. Watoto wakicheka wote wanafanana."

"Na kishimo?"

"Kwani kishimo kimeumbwa kimoja dunia nzima? Kunja nguo za watu, mzee."

"Nitakwenda hayo matembezi. Nikamuulize mwenye picha."

"Kwa goti lipi?"

"Hili hili."

"Goti likipanda ngazi linasikika mtaa wa pili!"

Nikasema nitakwenda hata kwa kutambaa. Bibi yenu akasema basi atakuja na mimi, asije akaletewa habari kwamba mumewe kaokotwa barabarani kama kiatu kibovu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mke ndiye huyu.

Siku ikafika. Mama Kipaza ananguruma, watu wamejaa, kila mtu na fulana yake. Mimi nilizinyoosha mwenyewe, lakini jambo moja halikunijia. Picha iko mgongoni. Ukiwa mbele huioni. Na mimi na goti langu, nafasi yetu ni nyuma.

Hebu fikiria. Barabara nzima mbele yako ni migongo, na kila mgongo una uso wa mtoto wako marehemu. Watu wanakwenda mbele, yeye anakwenda kinyumenyume, anakutazama wewe, anacheka.

Fundi bomba anaye. Muuza magazeti anaye. Kwa yule mama mnene wa duka la mkaa, Kitinda kapanuka mashavu. Kwa mwalimu mwembamba kakonda, kama alivyokonda siku zile anaumwa surua. Mtu akijikuna, anakunja uso. Mtu akiinama kufunga kamba za viatu, anaanguka kifudifudi.

Halafu jua likapanda. Watu wakatoka jasho. Fulana zikaloa mgongoni, maji yakaanza kushuka.

Kitinda wote wakaanza kulia.

Nataka kuwaambia nilijikaza kiume. Sikujikaza. Meno yaligongana kwenye jua kali.

Ubavuni kwangu alikuwa jirani yangu Kinyozi, mdomo wake na mkasi wake havijui kupumzika. "Mzee Dobi, mbona umetoa macho? Umeona uliyemchomea suruali?"

"Kinyozi, pita nyuma yangu."

"Kwa nini?"

"Mgongo wako unanitazama."

Akaanza kucheka. Akaniangalia usoni, kicheko kikakatika. Akapita nyuma bila neno, na Kinyozi kukaa bila neno ni muujiza wa peke yake.

Bibi yenu akanivuta mkono. "Mzee, goti."

"Liko salama."

"Turudi."

"Mke wangu, unataka kurudi tangu tumetoka."

"Nakuonea huruma."

"Nionee tukifika."

Mkono wake ulikuwa unatoka jasho baridi. Nikadhani ananiogopea mimi.

Mbele kidogo nikamwona mlezi wa kituo, mwanamke wa makamo, filimbi shingoni, anawachunga watoto wake wasiingie barabarani. Nikachechemea mpaka kwake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto wa kwenye fulana ni nani?"

"Huyu? Si Nyuki wetu! Tunamwita Nyuki, hatulii. Yumo humu humu, anatembea. Wee! Shuka kwenye ukuta! Si huyo, babu, huyo ni mwingine, nao wote nyuki tu."

"Yuko hai?"

Akanikazia macho. "Babu, tangu asubuhi ananiuliza maswali mpaka masikio yanavimba. Yuko hai mno."

Mtoto aliye hai. Basi si Kitinda. Lakini kishimo ni kile, jicho ni lile. Hesabu hiyo hata asiyesoma anaifanya. Nikauliza tena.

"Na mama yake?"

Mlezi alikuwa ananyoosha mkono kusimamisha magari. Akanijibu bila kugeuka.

"Mama yake ametangulia."

Nikakaa. Pale pale, ukingoni mwa barabara, mzee mzima na mvi zake. Nikalia kwa sauti. Maana miaka yote, kwenye kakona kadogo ka moyo, nilikuwa nimebakiza labda. Sasa labda imekwisha. Kitinda kafa kweli, kaacha mtoto, mtoto kalelewa na watu baki, na babu yake yupo, ananyoosha kola za mashati.

"Babu! Umepatwa na nini?"

"Najua katangulia, mwanangu. Tulimlilia."

"Mlimlilia nani?"

"Mama yake Nyuki. Marehemu."

"Marehemu!" Filimbi ikamponyoka mkononi. "Mungu apishe mbali! Babu, mama Nyuki ndiye mpishi wetu. Ametangulia uwanjani na gari la masufuria, awahi kuchemsha chai. Nimetoka kuongea naye kwenye simu sasa hivi, analalamika sukari haitoshi."

Analalamika sukari haitoshi.

Wajukuu zangu, siku naoa niliambiwa maneno matamu. Siku napata mtoto wa kwanza niliambiwa matamu zaidi. Hayajafika hapo.

Kinyozi akapiga paja. "Kumbe ametangulia hivi! Si ametangulia vile!"

Ndipo nikamkumbuka dereva wa lori. Yule mtu hakusema mbele ya haki. Hakusema poleni. Alishusha sanduku, akasema mwenyewe ametangulia, kama unavyosema mwenzetu kapanda gari la mbele, huu mzigo wake unafuata. Labda alitarajia kumkuta Kitinda ameshafika, amekaa mlangoni anamsubiri. Badala yake akaona mama anajigaragaza chini, watu wanaruka ukuta. Angefanya nini? Akawasha lori.

Neno lilikuwa na milango miwili. Sisi tukakimbilia wa makaburini.

Lakini kama alitangulia, mbona hakufika? Mtoto mwenye miguu yake, mwenye kujua njia ya kwao, kaishia wapi? Hilo nikajua ni yeye tu wa kunijibu, na yuko huko mbele anachochea moto. Nikanyanyuka.

"Mke wangu, umesikia? Mwanao yuko hai!"

Yule mama aliyepiga yowe mpaka ukuta ukarukwa, safari hii hakupiga hata chafya.

"Mpishi tu huyo, mzee. Wapishi wamejaa."

"Na kishimo?"

"Usiende kumvamia mtoto wa watu mbele za watu."

"Mke wangu!"

"Basi nenda wewe. Mimi miguu imeisha nguvu."

Nikasema furaha imemzidi. Watu hawafanani, wengine furaha inawakalia miguuni.

Kabla sijapiga hatua, kitu kikanishika kidole. Nikatazama chini. Yule wa kwenye fulana, lakini huyu anapumua.

"Babu, mbona unalia? Umeanguka?"

"Goti, mjukuu wangu."

"Mama ana dawa ya goti. Ya kupaka. Inanuka!"

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama."

"Watu wakubwa wanamwitaje?"

"Mpishi."

Nikacheka na machozi yangu. "Na wewe, una babu?"

Akafikiri. "Sina babu wa nyumbani. Nina mababu wa barabarani tu, kama wewe."

Hapo ni goti gani tena? Sikulisikia. Nyuki akanivuta kidole, mlezi akamfokea arudi kwenye mstari, yeye akasema anampeleka mgonjwa kwa mama yake. Tukaenda. Nyuma yetu nikamsikia Kinyozi anambembeleza bibi yenu, "Jikaze mama, zimebaki hatua chache."

Njiani Nyuki ananipa habari. Mpiga picha aliwaambia watoto wote wacheke. Wengine wakagoma, wakasema hawajaona cha kuchekesha. Yeye akacheka kwa sababu mpiga picha suruali yake ilikuwa imechanika nyuma na hajui. Ndiyo maana wakamchagua yeye. Mama alikataa kwanza, akasema hataki sura ya mtoto wake izunguke mji huu.

"Mji huu una nini?" nikamuuliza.

"Mama anasema una watu."

Uwanjani masufuria yanatoka moshi kama garimoshi. Ule mvuke niliuogopa, nakwambia kweli. Miaka yote nimemwona Kitinda kwenye mvuke wa pasi, na kila mara mvuke ukipungua, hapana kitu. Nikasimama. Nikasema, usiende karibu, mzee, bora ubaki na huo.

Nyuki akanivuta.

Palikuwa na mwanamke amenipa mgongo, anachota chai kwa kata. Hakuvaa fulana ya matembezi. Katika uwanja mzima, mgongo wake peke yake ndio haukuwa na uso.

Akageuka na kikombe, ananipa bila kuniangalia, kama anavyompa kila anayekuja. "Karibu baba. Angalia, ni cha moto."

Sauti ile. Ingetoka kisimani ningeijua.

"Kitinda."

Kikombe kikabaki hewani. Akanyanyua macho. Kanenepa kidogo, ana alama ya moto kwenye mkono, ni mwanamke mzima. Mvuke ukapungua. Akabaki.

Nilidhani atanikimbilia. Mikono yangu nilishaifungua, nikaonekana kama mtu anayekausha nguo.

"Nyuki," akasema, "njoo huku nyuma yangu."

"Mama, babu huyu goti lake..."

"Nimesema njoo."

Mtoto akaachia kidole changu.

"Mwanangu," nikasema.

"Mimi si mwanao, mzee. Ulishanilia."

"Tuliambiwa umekufa! Dereva alileta sanduku, akasema umetangulia, sisi tukaelewa..."

"Dereva nilimtuma mimi. Nilimwambia natangulia na basi, anikute nyumbani. Basi likaharibika njiani. Nikafika jioni, na huyu mgongoni, hata shingo hajakaza. Nikakuta turubai. Nikakuta viti. Nikakuta watu wanalia jina langu, na wewe umekaa katikati yao."

"Mbona hukuja, Kitinda? Mbona hukuja ukanishika tu?"

"Nilizunguka mlango wa uani. Nikazuiwa. Nikaambiwa, msiba ni wako. Baba yako kasikia umezaa bila ndoa, kasema kwake umekufa, kaita watu waje wakulilie ukiwa hai ili jina lako lisitajwe tena nyumba hii. Nikatiwa nauli mkononi, nikaambiwa nikimbie kabla hujaniona na mtoto."

Watu waliokuja kuchukua chai walikuwa wameacha kunywa. Hata Mama Kipaza alikuwa amekishusha chini kipaza chake.

"Sikujua kama una mtoto," nikasema. "Leo ndiyo najua. Nimekulilia kilio cha kweli, Kitinda. Kaiulize pasi yangu! Kaiulize ile meza!"

Akanitazama. Nikaona kitu usoni mwake kinaanza kulegea, pale penye kishimo, kidogo tu, kama kola inayopata joto.

"Hukusema wewe?"

"Sikusema."

"Hukusema kwako nimekufa?"

"Mwanangu, ningesemaje? Nani alikuambia? Nani alikuwa mlango wa uani?"

Macho yake yaliniacha, yakapita juu ya bega langu.

Nikageuka.

Bibi yenu alikuwa amefika. Kinyozi amemshika kiwiko, lakini yeye amesimama mwenyewe, wima kabisa. Alikuwa anamtazama binti yetu moja kwa moja machoni, wala hapepesi. Ndipo nikajua nani alikuwa mlango wa uani. Akaja taratibu mpaka kwangu. Akanishika mkono wa shati, akaninyooshea kola, kama afanyavyo kila siku nikitoka.

"Mzee," akaniambia, kwa sauti ile ya kumwamsha mtu anayeota, "twende nyumbani. Hapo hapana mtu."